Kuongeza Jengo Jipya kwenye Nyumba ya Kale ya Wazee: Mwongozo kwa Wanaojenga Pwani

Nyumba nyingi za wazee Afrika Mashariki zimerithi majengo yaliyojengwa kwa kazi nyingine. Welezo, Unguja, enzi za ukoloni ilikuwa makao ya maskini chini ya wamisionari wa Kikatoliki. Huko Bara, makazi kama Nunge ya Kigamboni na Bukumbi ya Mwanza yalianza kwa kuwahifadhi watu wenye ukoma. Kwingineko ni nyumba ya wakfu, au jumba la tajiri aliyefariki na familia ikalitoa sadaka. Kuta ni nene, milango ni myembamba, ngazi ziko kila mahali, na choo kiko nyuma ya ua. Siku moja wazee wanazidi, au wale wale waliokuwa wakitembea hawatembei tena, na kamati inaamua kuongeza jengo.

Mwongozo huu ni wa kamati hiyo na mbunifu wake. Nimeulenga kwenye jengo la mawe ya matumbawe na chokaa, la aina iliyotapakaa kuanzia Lamu hadi Kilwa, kwa sababu ndilo linaloharibiwa kwa urahisi zaidi na nia njema. Anayeshughulika na jengo la tofali za kuchoma la misheni za bara atapata humu mengi ya kumfaa pia.

Wazo langu ni moja, na kila hatua hapa chini inatokana nalo: jengo jipya libebe maji na mashine, la kale libaki kavu na lifanye yale linayoyaweza kuliko jengo lolote jipya.

Hatua ya 1: Kaa na wazee kabla ya kuchora chochote

Fika kabla ya adhana ya alfajiri, ondoka baada ya isha, na urudi siku nyingine ya mvua. Toa shikamoo yako, keti, kisha nyamaza utazame. Angalia mzee anapotoka kitandani anashika nini. Kwenye kuta za nyumba hizi utaona alama ya mikono, mstari wa weusi wa mafuta ya ngozi kwenye chokaa, usawa wa kiuno au bega. Mstari huo ni ramani ya vishikio unavyotakiwa kuweka, na hakuna mshauri atakayekuchorea ulio sahihi zaidi. Tia alama kwenye ramani mahali unapokatika, maana ndipo watu wanapoanguka.

Waulize walezi kuhusu wazee walioanguka mwaka uliopita: nani, saa ngapi, akielekea wapi. Mara nyingi jibu ni usiku, na ni njia ya chooni. Uliza pia nani anachota maji, nani anafua, na mlezi wa zamu ya usiku analala wapi.

Mambo ya kuoga na kujisitiri, bibi hatamwambia mwanamume mgeni, hasa mbele ya kamati. Mpeleke mwanamke akae naye peke yake. Na lipo jambo ambalo wazee hawatalitaja kwenye kikao ingawa wanalifikiria kila siku: watakapokufa wataoshewa wapi, na jeneza litapita mlango gani. Nyumba isiyo na chumba cha kuoshea maiti inawafanya waliobaki waone mwenzao akishughulikiwa bafuni wanamooga wao. Liulize kwa adabu, faraghani, na uliweke kwenye mahitaji ya ujenzi kama unavyoweka jiko.

Mwisho, waulize ni kitu gani hawataki kiguswe. Utashangaa: huenda mlango wa nakshi hawautaji hata kidogo, bali mwembe uani na baraza inayopata kivuli kuanzia saa tisa.

Hatua ya 2: Lisome jengo la kale

Lipime upya. Ramani za zamani zikiwepo ni bahati, lakini usiziamini. Kuta hizi hazinyooki na pembe zake si za mraba. Chora kila chumba, unene wa kila ukuta, na usawa wa kila sakafu kwa sentimita, kwa kuwa tofauti ya sentimita 12 kati ya sakafu mbili ndiyo itakayoamua mteremko wako wote baadaye.

Kisha tafuta maji yanaingilia wapi. Gusa kuta kwa chini, angalia chokaa inapopukutika na chumvi nyeupe inapochanua. Fuata mabomba. Pale ambapo mtu aliwahi kupiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa chokaa, gonga kwa kifundo cha kidole usikie kama ni tupu ndani. Jiwe la matumbawe hunyonya maji kutoka ardhini, na chokaa huyaacha yatoke kwenye uso wa ukuta taratibu. Saruji huyafungia ndani. Ukuta unaonekana mzuri kwa misimu michache, huku ndani chokaa iliyoshika mawe inageuka mchanga.

Panda juu ukakague boriti. Choma ncha zake kwa msumari au bisibisi pale zinapoingia ukutani, maana ndipo zinapooza na ndipo mchwa huanzia. Boriti ya mkoko ikiwa nzima, iache. Kwenye nyufa, bandika kipande cha kioo au tone la plasta lenye tarehe, ulitazame kwa mwaka mzima wenye masika na vuli. Ufa usiosogea ni historia. Ufa unaosogea ni kazi ya mhandisi wa miundo, na lazima atafutwe kabla ya jembe la kwanza kugusa ardhi.

Nasisitiza hili kwa sababu ya Beit al-Ajaib, jumba la kifalme la Mji Mkongwe, Unguja. Jumba lile lililojengwa mwaka 1883 liliporomoka sehemu yake mchana wa tarehe 25 Desemba 2020, likiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo la chokaa linaweza kusimama zaidi ya karne na bado likawa dhaifu pasipoonekana. Lako litakuwa na watu wasioweza kukimbia.

Hatua ya 3: Gawa kazi kati ya jengo jipya na la kale

Hapa ndipo miradi mingi inapoharibika, hivyo ipe muda.

Chukua futi kamba upime chumba cha kawaida cha nyumba ya kale ya pwani. Upana wake utakuwa karibu mita 2.5 hadi 3. Mjenzi hakuwa bahili. Urefu wa boriti ya mkoko inayoweza kubeba dari ya mawe bila kupinda ndio uliompangia upana. Weka humo kitanda cha sentimita 90, kisha kiti cha magurudumu kinachohitaji duara la sentimita 150 ili kigeuke. Hakuna nafasi ya mlezi wa pili wa kusaidia kumnyanyua mgonjwa. Kupanua chumba maana yake ni kuvunja ukuta unaobeba dari. Kwa hiyo chumba hicho hakifai mzee asiyejiweza, na hakuna ufundi wa kukifanya kifae bila kulivunja jengo.

Lakini chumba hicho hicho saa saba mchana mwezi wa Februari ni baridi kuliko chumba chochote cha tofali za saruji na mabati. Kinafaa kwa kukaa, kusoma Kurani au Biblia, kucheza bao, kusuka ukili, kupokea wageni. Kinafaa kulala wazee ambao bado wana nguvu na wanapenda faragha.

Sasa andika orodha mbili. Jengo jipya lichukue vyumba vya wazee wasiotembea, vyoo na mabafu yote, dobi, jiko, chumba cha dawa, chumba cha kuoshea maiti, tangi la maji na jenereta. La kale lichukue sebule, chumba cha ibada, chumba cha mazungumzo na familia, ofisi ya mkuu wa makazi, na vyumba vya wazee wanaojiweza. Choo cha zamani kilichobanwa ndani ya kuta za matumbawe kifungwe kabisa, mabomba yake yatolewe, na ukuta uachwe ukauke. Huo ukaushaji unaweza kuchukua zaidi ya mwaka, na ni dawa inayolisaidia jengo kuliko rangi yoyote.

Kamati itataka kufanya kinyume: wazee wagonjwa wabaki walipo, jengo jipya liwe la ofisi na ukumbi wa mikutano, kwa kuwa ukumbi ndio mfadhili anaoupiga picha. Kataa. Ukishindwa kwenye hatua hii, hatua zote zinazofuata hazitaokoa mradi.

Hatua ya 4: Vibali

Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Ya baada ya hapo hulindwa yakitangazwa na waziri. Nyumba za wazee nyingi ni za baadaye, hivyo huenda jengo lako halina ulinzi wowote wa kisheria, na dhamana yote ikawa mikononi mwako. Unguja, kilichomo ndani ya mipaka ya Mji Mkongwe kiko chini ya mamlaka yake ya uhifadhi. Mombasa, Mji wa Kale una ofisi yake ya uhifadhi chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mji Mkongwe umo kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000 na Lamu tangu 2001, kwa hiyo huko tarajia kuulizwa maswali mengi zaidi kuhusu urefu, paa na rangi.

Nenda ofisini na mchoro wa penseli, kabla hujalipia michoro kamili. Afisa aliyeombwa ushauri mapema huwa mwenzako. Aliyeletewa kazi iliyokwisha huwa hakimu. Kibali cha ujenzi cha halmashauri au baraza la manispaa kinahitajika juu ya hayo yote, pamoja na mbunifu majengo na mhandisi waliosajiliwa.

Hatua ya 5: Chagua mahali

Nyuma au ubavuni, kamwe si mbele. Uso wa jengo unaoonekana kutoka barabarani uachwe kama ulivyo. Paa jipya lisipite lile la kale kwa urefu, na ikiwezekana liwe chini yake waziwazi.

Jenga nyumba ya chini tu, isiyo na ghorofa, kama kiwanja kinaruhusu. Lifti kwenye mji ambao umeme unakatika ni mtego, na mzee aliyewekwa juu huacha kushuka. Kiwanja kikiwa kidogo mno, bora upunguze idadi ya vitanda.

Fikiria pepo. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki miezi ya joto, takriban Desemba hadi Machi. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki katikati ya mwaka. Safu nyembamba ya vyumba vyenye madirisha pande mbili, ikiwa imetazamana na pepo hizo, haitahitaji viyoyozi. Ila angalia jengo jipya lisizibe pepo zilizokuwa zikilipooza la kale. Wekea jiko na dobi upande ambao moshi na harufu havitarudishwa vyumbani na kaskazi.

Ua ndio moyo wa nyumba za pwani. Jengo jipya lije likamilishe ua, liuzunguke upande uliokuwa wazi, mzee akitoka chumbani kwake aone watu. Usiujaze. Na ule mwembe waliokutajia ubaki: pima kivuli cha matawi yake chini, usichimbe msingi ndani ya mzunguko huo.

Hatua ya 6: Kiungo kati ya majengo mawili

Jengo jipya lisiegemee la kale. Liwe na msingi wake, nguzo zake na paa lake, na liunganishwe na la kale kwa ushoroba mfupi, mwepesi, wenye upana wa mita 1.8 ili viti viwili vya magurudumu vipishane. Mita tatu hivi za nafasi kati ya kuta mbili zinatosha kuingiza mwanga na upepo, na kumwezesha fundi kufika kwenye ukuta wa kale kuupaka chokaa mwaka hadi mwaka.

Sababu ni za udongo. Msingi wa jengo la matumbawe mara nyingi ni mfupi, mawe na chokaa vimepangwa juu ya ardhi iliyozoea uzito huo kwa miaka. Jengo jipya la zege litakaa kwa namna yake, litazama kidogo wakati lile limekwisha kuzama zamani. Ukiyafunga pamoja kwa nondo, moja litalivuta jingine na ufa utatokea kwenye dhaifu. Kwa hiyo palipo na mgusano wa ushoroba na ukuta wa kale, acha ufa wa kupangwa wa sentimita mbili au tatu kuanzia msingi hadi paa, uufunike kwa kipande chembamba cha shaba au bati nene kilichofungwa upande mmoja tu, ili majengo yasogee kila moja kivyake bila mvua kupenya.

Usichimbe msingi mpya chini zaidi ya msingi wa kale ukiwa karibu nao. Ikibidi kuchimba karibu, chimbeni kwa mikono, kipande kifupi kimoja kimoja, mkijaza kila kimoja kabla ya kufungua kingine. Katapila na mashine za kushindilia zikae mbali. Mtikisiko wake hulegeza chokaa iliyochoka.

Mlango wa kuingilia kwenye jengo la kale usitobolewe ukutani ikiwa kuna mlango au dirisha la zamani la kutumia. Dirisha linaweza kushushwa hadi sakafuni kuwa mlango bila kugusa boriti za kichwani mwake. Ukikosa upana wa sentimita 90 wa wazi, rudi utafute tundu jingine badala ya kupanua hilo. Ubao na bawaba za dirisha lililotolewa zihifadhiwe stoo zikiwa na lebo.

Sakafu za pande mbili zilingane. Ndiyo maana ulipima kwa sentimita hatua ya pili: jengo jipya ndilo linalofuata la kale, na tofauti inayobaki inamalizwa ndani ya ushoroba kwa mteremko. Kipimo kinachokubalika sana ni 1 kwa 12, yaani kupanda sentimita 50 kunahitaji mita 6. Kwa wazee naona hicho ni kikali. Tafuta nafasi ya 1 kwa 15 au hata 1 kwa 20, na kishikio pande zote mbili kwa urefu wa sentimita 85 hadi 95, cha mbao ya mviringo ambayo mkono unaizunguka. Bomba la chuma huunguza likipigwa na jua.

Paa la ushoroba litoe maji mbali na ukuta wa kale. Kosa la kawaida kabisa kwenye nyongeza ni bonde la paa linalomwaga maji ya masika yote kwenye kona ya ukuta wa chokaa.

Hatua ya 7: Chumba, kitanda na choo

Chumba cha mtu mmoja cha mita 3.3 kwa 4 kinatosha kitanda, kiti, kabati, na nafasi ya mlezi kila upande. Vyumba vya watu wawili vifae wale waliochagua kuwa pamoja. Wapo marafiki wa miaka mingi wasiotaka kutenganishwa, na wapo mke na mume. Kizingiti cha dirisha kiwe sentimita 60 hadi 70 kutoka sakafuni ili aliyelala aone ua. Weka rafu au kidaka ukutani karibu na kichwa cha kitanda. Wazee wanafika na vitu vichache, picha, msahafu au rozari, kikopo cha ugoro, na vinahitaji mahali pa heshima panapofikiwa kwa mkono.

Choo kionekane kutoka kitandani mlango ukiwa wazi. Hili husaidia hasa mzee aliyeanza kupoteza kumbukumbu: akikiona, anakwenda. Njia ya kutoka kitandani hadi chooni iwe na kishikio mfululizo, bila kukatika, na taa ndogo ya chini inayowaka usiku kucha, ya betri ya jua kama umeme si wa uhakika.

Choo cha kuchuchumaa ndicho wengi walichokizoea, na kuna watakaosema hawakitaki kiti. Magoti ya miaka 80 huamua mwishowe. Weka kiti cha urefu wa sentimita 45 hadi 48, vishikio pande mbili vilivyofungwa kwenye ukuta wa zege na vinavyoweza kubeba mtu mzima anayening'inia, bomba la kujisafishia upande wa mkono unaofikika, na ndoo na kata pia, kwani maji ya bomba hukatika. Bafu lisiwe na kizingiti. Sakafu iteremke taratibu hadi kwenye tundu la maji, na kuwe na benchi la kuogea la saruji, pana kiasi cha kumlaza mtu ikibidi. Mlango ufunguke kwa nje au uwe wa kuteleza pembeni, ili aliyeanguka ndani asiwe ndiye anayeuzuia.

Kwa wazee Waislamu, choo kisielekee wala kukipa mgongo kibla. Kwenye pwani yetu kibla ni karibu kaskazini kabisa, kwa hiyo viti vyote vitazame mashariki au magharibi; ukilijua hili mapema haligharimu kitu, ukilijua baada ya mabomba kulazwa ni kuvunja. Tengeneza pa kutawadhia penye kiti na bomba usawa wa goti, palipofunikwa, karibu na chumba cha ibada lakini upande wa jengo jipya.

Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi ya mwanga anaopokea kijana wa miaka 20. Ongeza taa, na uziweke zisimulike machoni. Sakafu iwe ya rangi moja isiyong'aa: marumaru za kumeremeta mzee huziona kama maji, na mkeka mweusi huuona kama shimo. Fremu ya mlango wa choo na vishikio viwe na rangi inayotofautiana kabisa na ukuta.

Hatua ya 8: Sura ya jengo jipya

Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao wahifadhi duniani wanaufuata, hauruhusu nyongeza zinazovuruga sehemu muhimu za jengo, mazingira yake au uwiano wake. Kwa vitendo, chukua kutoka jengo la kale vipimo vyake: uwiano wa dirisha na ukuta, vivuli virefu, weupe wa chokaa, baraza ya saruji au jiwe iliyotangulia mbele ya mlango. Usichukue mapambo. Tao la plasta la kuigiza na mlango wa nakshi wa dukani vinamdanganya mjukuu asijue kipi ni cha babu zake.

Baraza ya jengo jipya iwe na urefu wa sentimita 45 hadi 50 na mgongo wa kuegemea. Za zamani nyingi ni za chini mno, mzee anakaa na hawezi kuinuka.

Tofali za saruji sizipingi kwa jengo jipya, ila kwa matengenezo ya kuta za kale tumieni chokaa iliyozimwa na kulazwa shimoni kwa wiki nyingi, na mchanga wa shimo uliooshwa. Mchanga wa pwani una chumvi.

Hatua ya 9: Moto na kutoka

Usitegemee kuwatoa wote nje kwa mara moja. Panga ili walezi wawili wa usiku waweze kuwasukuma wazee kutoka upande unaoungua hadi upande mwingine kupitia ushoroba, kwenye usawa ule ule, kisha mlango ufungwe. Kwa hiyo ushoroba uwe wa vitu visivyowaka na uwe na milango mizito inayojifunga. Jiko lisipakane na vyumba vya kulala. Vyuma vya madirishani viwe na kimoja kinachofunguka kwa ndani bila ufunguo katika kila chumba.

Hatua ya 10: Fedha na mpangilio wa kazi

Mkadiriaji majenzi atenganishe hesabu mbili. Kwenye jengo jipya akiba ya asilimia 10 hutosha kwa kawaida. Kwenye la kale weka 20, kwani hakuna ajuaye kilichomo ukutani hadi plasta itolewe. Fedha zikipungua, punguza vyumba. Vishikio, mteremko na mifereji ya paa visiguswe, ingawa ndivyo mkandarasi atakavyopendekeza kwanza.

Jenga jipya kwanza, lote hadi maji yatoke bombani. Wahamishe wazee humo. Ndipo ufunge na kutengeneza la kale. Hivyo mzee asiyejiweza anahama mara moja tu, anayejiweza anarudi jengo la kale likishatengenezwa, wala hakuna anayepelekwa kukaa nje ya makazi kwa muda, maana kwa mtu dhaifu huo muda unaweza kuwa ndio wote uliobaki. Msingi umalizike kabla ya masika ya Machi. Kelele zisimame wakati wa kulala mchana na wakati wa swala. Liandikwe kwenye mkataba, lisiachwe kwenye hiari ya msimamizi.

Kabla ya kuhama, waleteni wazee waone. Mzee achague kitanda chake, ajaribu kiti cha choo akiwa na nguo zake, afungue bomba mwenyewe. Mafundi wakiwa bado wapo, kishikio kilichokaa vibaya husogezwa siku hiyo hiyo.

Hatua ya 11: Baada ya kufungua

Kila mwaka kabla ya masika safisheni mifereji ya paa, kagueni bati la ule ufa wa kupangwa, na pakeni kuta za kale chokaa mpya. Soma vioo vya kwenye nyufa kila mwezi kwa mwaka wa kwanza, uandike tarehe. Baada ya miezi sita rudi ukae tena tangu alfajiri hadi isha, utafute mistari mipya ya mikono kwenye kuta nyeupe. Inapotokea pasipo na kishikio, weka kingine hapo.

Acha nakala mbili za michoro kwa mkuu wa makazi, zikionyesha kila bomba na kila waya ulipopita, pamoja na jina la shimo mchanga ulikochotwa na vipimo vya mchanganyiko wa chokaa uliotumika. Fundi atakayekuja miaka 30 ijayo ndiye atakayezihitaji.